Bunju: Samaki Aliyewafundisha Watu Kuuliza

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa katika redio, ili wanafunzi walisome tena polepole pamoja na kiongozi wa darasa.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu anayo kalamu na daftari lake. Leo tuna somo la historia, lakini hatutasoma habari za mfalme wala za vita. Tutasoma habari za samaki.

Pengine mtu wa Ilagala atacheka na kusema, "Samaki sisi twawajua. Dagaa twawajua, migebuka twawajua, kuhe twawajua. Redio itatufundisha nini?" Neno hilo ni la haki. Mtu aliyezaliwa karibu na mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika hahitaji kufundishwa samaki na mtu anayesema ndani ya sanduku. Lakini samaki wa leo amewaua mabaharia walioijua bahari vizuri, na askari, na hata mtu mashuhuri aliyejiona hawezi kudhurika. Habari yake ni habari ya watu waliokula kabla ya kuuliza. Basi tuisikilize.

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: BUNJU, INI, GANZI, MWENYEJI, KUULIZA. Tutayakuta mara nyingi.

BUNJU NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Watu wa pwani humwita bunju. Mwili wake ni mnene, kichwa ni kikubwa, na mkia ni mdogo. Hana magamba kama ngege. Ngozi yake ni tupu, na mara nyingi ina vimiba vidogo vinavyokwaruza mkono. Macho yake yapo juu ya kichwa, naye aweza kuyageuza huku na huku. Meno yake yameungana, mawili juu na mawili chini, hata yakafanana na mdomo wa kasuku. Kwa meno hayo huvunja kaa, konokono na chaza.

Bunju si mwogeleaji wa mbio. Samaki mkubwa akimfukuza, hawezi kushindana naye. Basi ana hila mbili. Hila ya kwanza ni kumeza maji upesi upesi hata tumbo likavimba, akawa kama mpira. Adui humwona amekuwa mkubwa, na vile vimiba vimesimama, naye hashiki mahali pa kumuuma. Mvuvi akimtoa majini, bunju humeza hewa badala ya maji, na watoto pwani humwona amelala mchangani kama mpira.

Hila ya pili haionekani kwa macho. Ni sumu. Wengi wa mabunju wa baharini wana sumu kali katika ini, mayai, matumbo, na mara nyingi katika ngozi pia. Nyama yake huonekana nyeupe na safi. Haina harufu mbaya. Haina uchungu mdomoni. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana ulimi hauwezi kumwonya mwenyewe.

BUNJU WA MALAGARASI ALITOKA WAPI?

Mtu atauliza, "Sisi tuko mbali na bahari. Bunju yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake litawashangaza wengine.

Karibu na pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, upande wa Ilagala, yuko bunju wa maji matamu. Ni bunju mkubwa, ambaye aweza kufika kiasi cha sentimita 67. Mgongo wake una michoro ya rangi ya kahawia na manjano, iliyopindapinda kama njia za mchwa. Mwaka 1899 mtaalamu Boulenger alimwandika katika vitabu vya elimu, akampa jina Tetraodon mbu. Neno la kwanza maana yake ni "meno manne." Neno la pili lisiwadanganye, samaki huyu hana ujamaa na mbu anayeleta malaria.

Je, bunju huyu alifikaje hapa? Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka pwani, ikauvuka mto Malagarasi na kufika Ujiji, kabla ya Waingereza Burton na Speke kufika huko mwezi wa Februari 1858. Lugha yetu ya Kiswahili ilikuja kwa njia ile. Reli nayo ilitoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Lakini bunju hakuja kwa msafara wala kwa gari la moshi.

Bunju wa Malagarasi ni ndugu wa bunju wa mto Kongo. Ni namna moja hasa. Tena samaki wengine kadha wa Malagarasi wanapatikana katika mto Kongo, lakini hawapatikani katika maji ya katikati ya Ziwa Tanganyika. Wataalamu wameifikiri habari hii, nao hueleza hivi: mto Malagarasi ni mzee kuliko ziwa. Hapo kale sana, kabla ya ziwa kuwapo, mto ulikwenda moja kwa moja magharibi ukaingia katika maji ya Kongo. Kisha nchi ilipasuka na kudidimia, likafanyika bonde refu lenye kina. Kazi hiyo ilianza kiasi cha miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Bonde likajaa maji, nalo ndilo ziwa letu, ambalo kina chake leo chafika mita 1,470. Mto ukakatwa vipande viwili, na samaki wake wakabaki upande huu na upande huu, kama ndugu waliotenganishwa na mpaka.

Basi mwenyeji wa Ilagala akimwona bunju katika maji ya mdomo wa mto, amemwona shahidi wa mambo yaliyotokea kabla ya mtu wa kwanza kuwapo duniani.

(Kiongozi wa darasa asimamishe hapa. Mwanafunzi mmoja aonyeshe kwenye ramani mto Malagarasi, Ziwa Tanganyika na mto Kongo. Kisha endeleeni.)

BUNJU MDOGO WA PWANI

Sasa na tushuke pwani, kwa maana watoto wengi wa Kigoma huenda Dar es Salaam, Tanga na Unguja kutafuta kazi, na huko watamkuta bunju mwingine. Huyu ni mdogo. Wako wasiozidi kiganja cha mkono. Hukaa kwenye matumbawe, kwenye nyasi za bahari, na karibu na mikoko. Huingia katika madema na nyavu pamoja na samaki wema. Wavuvi wa pwani humjua, nao humtupa.

Hata samaki wenzake humjua. Katika matumbawe ya bahari yetu yuko bunju mdogo mwenye mabaka meusi mgongoni. Yuko pia samaki mwingine, wa jamaa nyingine kabisa, asiye na sumu, ambaye rangi zake zimefanana naye sana hata mtu aweza kukosea. Samaki wakubwa humwogopa huyu asiye na sumu kwa sababu wamdhani ni bunju. Naam, jina baya la jirani limekuwa ngao yake.

Basi samaki wana maarifa haya, na wavuvi wana maarifa haya. Anayekufa ni nani? Mara nyingi ni mgeni. Tusikilize habari tatu.

HABARI YA KWANZA: NAHODHA COOK, 1774

Mwezi wa Septemba 1774, meli ya Kiingereza iliyoitwa Resolution ilitia nanga katika kisiwa kikubwa cha bahari ya Pasifiki, ambacho nahodha wake, James Cook, alikipa jina New Caledonia. Karani wa meli alinunua samaki kwa mwenyeji mmoja aliyekuwa amemchoma muda si mrefu. Samaki alikuwa na kichwa kikubwa, cha kuchukiza. Katika meli walikuwamo wataalamu wawili, baba na mwanawe, jina lao Forster. Wao walikuwa na shaka. Lakini Cook alisema kwamba katika safari yake ya kwanza alikwisha kula samaki wa namna hiyo, asidhurike.

Kumchora samaki na kumwandika kulichukua muda mwingi, hata jioni ikawa haba. Kwa hiyo walipikiwa ini na mayai tu. Cook na wale wawili walionja kidogo tu. Kiasi cha saa tisa za usiku waliamka wakiwa na udhaifu wa ajabu. Mikono na miguu iliingia ganzi, kama ya mtu aliyekaa katika baridi kali kisha akasogea karibu na moto. Cook aliandika kwamba hakuweza kupambanua kitu kizito na chepesi: chombo kilichojaa maji na unyoya wa ndege vilikuwa sawasawa mkononi mwake. Walitapika, wakatoka jasho, wakapona. Lakini nguruwe mmoja wa melini aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa.

Sikilizeni jambo lililofuata. Asubuhi wenyeji walipopanda melini, wakamwona samaki ametundikwa. Mara moja walionyesha kwa ishara kwamba haliwi kabisa. Walijua siku zote! Bali jana, wakati wa kununua, hakuna aliyewauliza.

Hapa pana makosa mawili. Kosa la kwanza ni kutomwuliza mwenyeji. Kosa la pili ni kusema, "Nilikula juzi, sikudhurika." Sumu ya bunju haina kipimo kimoja. Hubadilika kwa namna ya samaki, kwa mahali, kwa majira, na hata kwa samaki mmoja na mwingine katika wavu mmoja. Aliyepona juzi hana ushahidi wa leo.

HABARI YA PILI: MELI YA WAHOLANZI, 1845

Cook alipona, na safari zake ziliandikwa katika vitabu vilivyosomwa na wengi. Hata hivyo, mwaka 1845 jambo lile lilitokea tena, na mara hii karibu zaidi na sisi. Meli ya Kiholanzi, jina lake Postillion, ilikuwa imetia nanga Simon's Bay, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Katika maji ya ufukweni huko yuko bunju mdogo, ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 30. Mabaharia wawili walikula ini lake. Hawakumaliza hata nusu saa. Wote wawili walikufa.

Watu wale hawakuwa wajinga wa bahari. Walivuka bahari kubwa, wakajua pepo na nyota. Lakini maji yale hayakuwa maji ya kwao. Mtu aweza kuwa bingwa kwao, akawa mtoto mdogo katika nchi ya wengine.

HABARI YA TATU: WAJAPANI

Wajapani humwita bunju fugu, nao humpenda sana mezani. Katika mwaka 1592 mtawala wao, Toyotomi Hideyoshi, alikusanya jeshi kubwa kwenda kupigana Korea. Askari wengi walitoka sehemu za bara, hawakumjua samaki huyu. Walipofika pwani wakamla, na baadhi yao wakafa kabla ya kumwona adui. Hideyoshi akakataza kumla bunju. Amri za namna hiyo ziliendelea mahali pengi kwa muda wa miaka mingi, ingawa wako waliokula kwa siri. Baadaye Waziri Mkuu Ito Hirobumi aliandaliwa samaki huyo katika mji wa Shimonoseki, akamsifu sana, na mwaka 1888 marufuku ikaondolewa katika jimbo lile.

Siku hizi mpishi wa Kijapani anayetaka kumpika bunju hujifunza kwanza, kisha hufanya mtihani na kupewa cheti. Hujua kila namna ya bunju, na kila sehemu yenye sumu huiondoa na kuihesabu. Ini halifai kuuzwa. Lakini mwaka 1975 mchezaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, Bando Mitsugoro wa nane, aliagiza ini la bunju katika mji wa Kyoto. Alijiamini kwamba mwili wake waweza kuishinda sumu. Akala sahani nne, naye akafa.

Tazameni tofauti. Askari wa mwaka 1592 walikufa kwa kutojua. Mchezaji wa mwaka 1975 alijua, lakini hakutaka kuonywa. Historia ina nafasi ya wote wawili, na kaburi ni lile lile.

WATAALAMU WALIGUNDUA NINI?

Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijapani, Tahara Yoshizumi, aliipa sumu hii jina la tetrodotoksini, kutokana na jina la samaki mwenyewe. Lakini umbo lake halisi lilijulikana mwaka 1964 tu, baada ya wataalamu wa Japani na Marekani kufanya kazi ndefu. Mwaka huo huo ikajulikana pia jinsi inavyoua.

Katika mwili wa mtu iko mishipa ya fahamu. Ndiyo inayochukua habari, kama vile waya wa simu. Ukitaka kuinua mkono, habari hutoka kichwani ikapita katika mishipa hiyo. Kando ya kila mshipa viko vilango vidogo mno, ambavyo chumvi ya mwilini hupita ndani yake ili habari isonge mbele. Sumu ya bunju huvikalia vilango hivyo kama kizibo katika mdomo wa chupa. Habari husimama. Midomo na ulimi huingia ganzi kwanza, kisha mikono na miguu hulegea, kisha misuli ya kuvuta pumzi husimama. Kiasi cha sumu kinachotosha juu ya kichwa cha pini chaweza kumwua mtu mzima.

Mbona bunju mwenyewe hafi? Kwa sababu vilango vya mishipa yake vina umbo jingine, na kizibo hakivikai. Tena si yeye aitengenezaye sumu. Inaanzia katika viini vidogo visivyoonekana kwa macho, na bunju huipata kwa vyakula anavyokula. Wajapani wamewafuga mabunju kwa chakula safi, wakaona kwamba hawana sumu, au wanayo kidogo sana.

Na yule bunju wa maji matamu? Baadhi ya mabunju wa mito ya Asia wamekutwa na sumu ya namna nyingine, nayo pia hulegeza mwili na kukata pumzi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Huyu ni wa mto, si wa bahari, basi ni salama." Kukosa chumvi katika maji hakumfanyi bunju kuwa migebuka.

TUFANYE NINI?

Kwanza, bunju asiliwe, awe mkubwa au mdogo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga katika mawese, wala kwa kutia chumvi, wala kwa kuanika juani. Asipewe mbwa, wala paka, wala bata. Akitupwa, afukiwe, ili watoto wasimwokote.

Pili, mtu aliyemla akiona ganzi midomoni, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali upesi, na mabaki ya samaki yachukuliwe ili mganga ayaone. Hakuna dawa ya kuiua sumu hii. Lakini hospitali yenye mashine yaweza kumvutia mgonjwa pumzi mpaka sumu itoke mwilini, na mara nyingi aliyevuka siku moja hupona. Pumzi ikisimama njiani, apuliziwe kwa mdomo.

Tatu, mgonjwa aliyelegea kabisa, hata hawezi kufumbua macho, aweza bado kusikia kila neno. Msilie juu yake kana kwamba ni maiti. Mwambieni kwamba mko naye.

MANENO YA MWISHO

Ndugu wanafunzi, wahenga walisema, "Kuuliza si ujinga." Wako watu wazima wanaoona haya kuja darasani, kwa kuwa kuja ni kukiri kwamba kuna jambo hawalijui. Lakini nahodha aliyeizunguka dunia alikaribia kufa kwa ajili ya swali moja ambalo hakulitoa kinywani, na jibu lilikuwapo kwa mtu aliyekuja na samaki mkononi. Ninyi mliokuja darasani mmekwisha kuuliza. Hiyo ndiyo hatua ambayo wale wa Postillion hawakuipiga.

Tena msisahau kwamba ninyi nanyi ni wenyeji. Akija mgeni Ilagala, asiyejua maji ya mdomo wa Malagarasi, akamshika bunju akafurahi kwa unene wake, msingoje aulize. Mwambieni. Na kijana wenu akisafiri kwenda pwani, mwambieni vilevile, au mwandikieni barua. Sasa mwajua kuandika.

MASWALI YA KUJIBU NA KUZUNGUMZA

1. Bunju ana hila gani mbili za kujiokoa na adui?
2. Kwa nini bunju wa Malagarasi yuko pia katika mto Kongo?
3. Nahodha Cook alifanya makosa gani mawili?
4. Kuna tofauti gani kati ya askari wa mwaka 1592 na mchezaji wa mwaka 1975?
5. Waulizeni wazee wa kwenu: ni samaki gani, mti gani, au uyoga gani katika sehemu zenu usiofaa kuliwa? Wamejuaje? Andikeni majibu yao katika daftari, na kila mtu asome lake mbele ya darasa.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.